Takbira za Siku ya Thelathini

Nyinyi mnaojifunza kompyuta siku hizi mnanifurahisha na mnaniudhi kwa pamoja. Mnanifurahisha kwa kuwa hamuogopi kitu. Mnaniudhi kwa kuwa kila jambo likiharibika mnasema "mashine imekosea", kisha mnakwenda zenu kunywa juisi ya miwa. Mimi nimekaa na mashine tangu miaka ya themanini, nilipokuwa msichana wa mtaa wa Malindi hapa mjini niliyeajiriwa kupiga taipu, na sijapata kuona mashine iliyokosea. Nimeona watu. Mmoja wao nilimfundisha mimi mwenyewe, na kwa sababu yake nimebandikwa jina ambalo mnaniita nikishapita, mkidhani sisikii. Bi Idi.

Nasikia. Masikio yangu mazima, ni magoti tu ndiyo yaliyochoka. Jina langu ni Asya. Leo nitakuelezeni hilo la pili limetoka wapi, na njiani nitakufundisheni jambo dogo la lugha ya Python ambalo walimu wenu hulipitia mbio mbio.

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa ilikuwa katika ofisi moja ya hapa mjini. Iliwekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi, na mkuu wetu wa ofisi mwenyewe alikuwa na pangaboi bovu linalolia. Watu walikuwa wakivua viatu mlangoni kabla ya kuingia kuitazama. Jioni tukiifunika kanga isiingie vumbi, na kanga yenyewe nilitoa mimi nyumbani, imeandikwa "Hasidi hana sababu". Mkuu wa ofisi hakuipenda. Alisema inamsema yeye.

Aliyenifundisha ni Bwana Kassim, aliyekuwa fundi wa mitambo ya simu kabla ya kompyuta kuja. Alikuwa mkali, na mkono wake ulinuka sigara, lakini alijua kufundisha. Tulianza na lugha ya BASIC. Siku ya kwanza nilipoandika mzunguko, yaani kuiambia mashine irudie kazi moja mara nyingi, aliniondoa mkono kwenye vibonyezo.

"Umeiambia ihesabu mpaka kumi," akasema. "Haya, maswali mawili. Kumi yenyewe imo au haimo? Na la pili, hiyo kumi mashine inaitazama lini?"

La kwanza nilielewa. La pili nilimkodolea macho. Akanipa mfano wa karamu ya harusi. Yuko mpakuzi anayehesabu wageni mara moja, kabla hajafunua sufuria. Akishapanga masinia yake, basi, hata wakija wengine nusu mtaa hana habari nao. Na yuko mpakuzi ambaye kila akimaliza sinia moja huinua macho akatazama mlangoni, ameingia nani, ametoka nani. Wote wawili wapishi wazuri. Lakini ukimwajiri mmoja ukidhani ni yule mwengine, wageni wako watarudi makwao na njaa.

BASIC ile ya zamani alikuwa mpakuzi wa kwanza. Baadaye nilijifunza lugha ya C, na C ni wa pili: unaandika for (i = 1; i <= siku; i++), na kila mzunguko inauliza upya, siku ni ngapi sasa? Ikikuta umeongeza, inaendelea. Ikikuta umepunguza, inasimama. Nililipenda sana hilo, na ndilo nililolitegemea kazi yangu nzima.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilihamia redio moja ndogo ya mtu binafsi hapa Mji Mkongwe. Leo haipo tena, jumba lake limegeuzwa hoteli. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu za kurusha vipindi bila ya mtu kukaa studio saa zote. Mtihani ulikuwa Ramadhani. Kila siku ya mfungo kompyuta irushe kasida za kuwaamsha watu kula daku, iadhini alfajiri, iadhini tena magharibi watu wafuturu, na saa zenyewe husogea siku hadi siku. Mwezi ukimalizika, ianze kupiga takbira za Idi tangu alfajiri.

Sasa, wengi wenu mnajua, na wasiojua nawaambia: mwezi wetu hauna kikomo cha kuandikwa mapema. Ni siku ishirini na tisa au thelathini, na jibu liko juu mbinguni. Jioni ya siku ya ishirini na tisa watu hutazama machweo. Mwezi ukiandama, kesho Idi. Usipoandama, tunatimiza thelathini. Kwa hivyo programu yangu ilianza na ishirini na tisa. Tangazo likitoka kwamba mwezi haukuonekana, mtu wa zamu anaandika thelathini katika faili dogo, na programu hulisoma faili hilo kila siku baada ya tarawehe. C, kwa tabia yake ya kuinua macho mlangoni, inaona thelathini na kuendelea siku moja zaidi. Haikuwahi kunitia aibu.

Rukia alikuja kwetu akiwa amemaliza shule, msichana wa Kikwajuni, mwembamba, mwenye kuuliza maswali mpaka unataka kumfukuza. Nilimpenda. Nasema wazi, nilimpenda kuliko wengi wa damu yangu. Mchana nilimfundisha kazini na jioni nyumbani kwangu, akila nilichokula. Mbele ya watu akiniita Bi Asya, na tukiwa wawili akiniita mama. Miaka michache baadaye akanipita, na sikuona haya kukubali. Alikuwa anasoma mambo mapya ambayo mimi sikuwa na subira nayo, na moja katika hayo ni Python.

Mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye redio, alipoambiwa jina hilo lina maana ya chatu aliuliza tutamlisha nini. Lakini alipenda mambo mapya. Akaamuru programu zote ziandikwe upya, na kazi akampa Rukia. Nilipotaka kuzipitia, akanijibu mbele ya watu, "Muachie mtoto kazi yake, Bi Asya. Wewe kila chungu unataka utie mwiko."

Lakini Rukia nilimuuliza pembeni.

"Kikomo kimo? Nasikia Python mgeni wa mwisho haimpakulii, ukiiambia kumi inaishia tisa."

"Kimo, Bi Asya. Nimeweka siku kuongeza moja."

"Umeijaribu kwa thelathini?"

"Nshaijaribu. Imekwenda mpaka mwisho, takbira zikaja baadaye."

Hakunidanganya. Mwaka wa kwanza mwezi ukaandama siku ya ishirini na tisa, programu ikafanya kazi kama ilivyotakiwa, na mkurugenzi akamtangaza Rukia kuwa fundi mkuu. Mimi nikabakishwa kwenye zamu. Nilimpa mkono wa pongezi na nilikuwa na furaha ya kweli.

Mwaka uliofuata mwezi haukuandama. Nilikuwa zamu mimi. Tangazo lilipotoka nikaandika thelathini kama nilivyoandika miaka ya nyuma, nikakaa kwenye kiti mpaka programu ikalisoma faili. Kioo cha kompyuta kikaandika: Siku za mwezi: 30. Niliiona kwa macho yangu haya. Nikavaa buibui langu nikaenda kwetu.

Alfajiri nilikuwa natawadha. Nikasikia kutoka dirisha la jirani, "Allahu Akbar, Allahu Akbar, wa lillahil hamd." Redio yetu. Takbira. Siku ya thelathini ya Ramadhani, sisi tumefunga, na redio yetu inawaambia watu Idi.

Nilikimbia vichochoroni na maji yakinichuruzika mikononi. Mlangoni nikamkuta mlinzi wetu, kikombe cha chai mdomoni, uso umemeremeta. "Idi mubarak, Bi Asya!" Nikampokonya kikombe. Nikapanda ngazi, nikauzima mtambo mzima, nikakaa chini sakafuni.

Mjini hasara ilikuwa ndogo. Watu walisikia tangazo la usiku, na misikiti ilikuwa kimya. Lakini huko kusini na mashariki ya kisiwa wako waliolala mapema, wakaamka na redio, wakaiamini. Simu zilianza kulia kabla jua halijatoka. Wengine walilia kwenye simu. Mwengine alinitukana mpaka nikasahau kuwa nimefunga.

Mkurugenzi alituita asubuhi ile ile. Alikuwa mweupe kwa woga, masheikh washampigia na watu wa matangazo washampigia.

"Nani alikuwa zamu?"

"Mimi," nikasema. "Na thelathini niliandika."

"Ungeandika isingepiga takbira."

Nikaomba kuifungua programu. Haikuchukua muda. Hii hapa, kwa Python ya zamani, itazameni nyinyi pia:

for i in range(1, siku + 1):
    rusha_siku(i)
    siku = soma_faili()
    print "Siku za mwezi:", siku
rusha_takbira()

Itazameni polepole. Mtu aliyetoka kwenye C anaisoma na kusema, mbona sawa? Mwisho wa kila siku inasoma faili, inapata thelathini, inaendelea. Hapana. Python inakokotoa range mara moja tu, pale inapofika mlangoni mwa mzunguko. Wakati ule siku ni ishirini na tisa, basi masinia yashapangwa ishirini na tisa. Ndani ya mzunguko, siku inabadilika kweli na kuwa thelathini, na print inakuonyesha thelathini, na wewe unaondoka ukiwa na imani. Lakini range haimtazami tena huyo siku. Ishapewa namba zake, inazimaliza, inatoka, inapiga takbira. Jina limebadilika thamani, mzunguko haukubadilika.

Na jaribio la Rukia lilikuwa la kweli, ila si lenyewe. Alianza na thelathini tangu mwanzo. Hakujaribu kuanza na ishirini na tisa na kubadilisha katikati, kama mwezi unavyotufanyia sisi. Dawa yake ni mistari miwili mitatu: unaanza na i = 1, unaandika while i <= siku, na ndani unaongeza i mwenyewe. Hapo inauliza kila mzunguko. Ukisahau kuongeza i utafunga Ramadhani mpaka kiama, lakini hilo utaliona mapema.

Nilimueleza mkurugenzi haya yote, na mfano wa masinia nikampa. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Bi Asya, hayo mie siyajui. Rukia, ndiyo programu yako. Ati kuna kosa?"

Rukia alikuwa amesimama karibu na dirisha. Mkurugenzi alikuwa ameahidi kumlipia akasome nje baada ya Idi, pasi yake ya kusafiria ilikuwa tayari. Nilijua. Nilimsaidia kujaza fomu. Nilimtazama, na niliona kuwa ameelewa, maana alipokuwa anaelewa jambo alikuwa na kawaida ya kuuma mdomo wa chini, na alikuwa anauuma.

"Programu niliijaribu kwa thelathini," akasema. "Ikafanya kazi."

Hakusema uongo hata neno moja. Mkurugenzi akageuka kwangu, akasema, "Basi, nimesikia." Na mimi, mwanamke wa maneno mengi kama mnavyonijua, nikamgeukia Rukia. Nilikuwa nasubiri aongeze. Nilisubiri mpaka watu wakatoka chumbani.

Mngeniuliza siku ile, ningesema hilo ndilo baya kuliko yote. Halikuwa. Sikukuu ilipokwisha, akaja mama mmoja kutoka Bwejuu, Bi Mwanaheri, mkulima wa mwani, mikono imepasuka kwa maji ya chumvi. Alipanda gari mpaka mjini, akauliza njia mpaka akatufika. Mkurugenzi alituita ukumbini, akadhani amekuja kushitaki, akaagizia soda. Mama hakuigusa.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu." Akatutazama mmoja mmoja. "Sikuja kugombana. Siku ile maji ya bamvua yalikupwa mapema, nlikuwa natoka nende pwani kwenye mwani wangu. Nkasikia takbira. Nkasema alhamdulillahi, nkachemsha chai, nkala na mkate. Nshamaliza ndo jirani ananambia, we Mwanaheri, leo watu wamefunga. Tangu kuvunja ungo sijaila Ramadhani kwa kutaka. Kulipa nshalipa, siku moja si kitu. Lakini nataka kumjua. Nani kati yenu kanambia nile?"

Mkurugenzi akaninyooshea kidole. "Aliyekuwa zamu ni huyu, Bi Asya."

Rukia alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Nilimtazama. Nilimpa nafasi, Mungu shahidi wangu, nilimpa nafasi kubwa kuliko niliyompa asubuhi ile. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi ningemueleza nini yule mama? Range inakokotolewa mara moja? Au nimuoneshe msichana kwa kidole, mimi niliyemfundisha, mbele ya watu, na mkurugenzi akanikanusha tena? Nikasimama kimya, nikingoja sauti isiyokuja.

Bi Mwanaheri akanishika mkono. Alidhani kimya changu ni aibu ya mkosa.

"Usilie, mwanangu," akasema, na mimi sikujua kuwa nalia. "Nshakusamehe. Duniani na akhera, mie sina lako."

Na mimi nikasema, "Ahsante, mama."

Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Nilishukuru kwa kusamehewa kosa ambalo si langu. Kuukataa msamaha ingekuwa kumtukana mama wa watu, na kuupokea ilikuwa kutia sahihi kwamba kosa ni langu. Waliokuwapo wote walinisikia, na mchana ule ule maneno yalishafika sokoni Darajani. Bi Asya kakiri, kaombwa atubu, katubu.

Rukia akasafiri. Nikahamishiwa stoo ya kanda, nikapanga kanda mpaka nikaona afadhali nistaafu kabla ya wakati wangu. Tangu hapo nikawa Bi Idi, na kila ikifika kumi la mwisho la Ramadhani, muuza duka wa mtaani kwetu huniuliza, "Bi Asya, kesho tule?" Watu wanacheka, na mimi nacheka nao, maana ukinuna katika mji huu utani hukufuata mpaka kaburini. Lakini nyumbani nikifika nafunga mlango, na huwa sicheki.

Nikuambieni la kazi, kabla sijasahau kuwa nimeahidi kufundisha. Kila mkiandika mzunguko, jiulizeni yale maswali mawili ya Bwana Kassim, kikomo kimo, na kinatazamwa lini. Msiamini kioo kwa kuwa kimeandika namba mnayoitaka. Na mkijaribu programu, ijaribuni kwa jinsi dunia inavyobadilika, katikati ya kazi, bila ya taarifa. Mkikosea, semeni wakati mtu mnayemtwika kosa bado amesimama mbele yenu.

Baadhi yenu ni wanafunzi wa Rukia. Anafundisha Tunguu sasa, chuoni, na nasikia anafundisha vizuri, na anapofika kwenye range hutulia hapo somo zima. Naamini. Alikuwa na akili sana.

Alinijia nyumbani baada ya kurudi, amevaa vizuri, mkononi kikapu kidogo cha halua. Nilimkaribisha, maana mgeni ni mgeni. Nikamtilia kahawa. Tukaulizana hali, ya watoto, ya wazee, ya mvua. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mama," akasema, "nimekuja kutaka radhi."

"Ya nini?"

Alishindwa kulitamka. Akasema, "Nilikuwa mdogo. Niliogopa safari itavunjika."

"Ingevunjika, naam. Ungeenda mwaka mwengine."

"Nnakwenda kumwambia mkurugenzi, kama unataka."

"Mkurugenzi kauza jumba, kahamia kwengine. Na ungemwambia, nani angesikia? Aliyetaka kujua alikuwa mmoja tu, na alikuja mwenyewe kuuliza."

"Nilikwenda Bwejuu," akasema kwa sauti ndogo. "Kabla sijaja kwako. Nikamuulizia. Wakanambia keshafariki."

Hilo sikulijua. Nilimuombea rehema moyoni, na nikaikumbuka ile mikono iliyopasuka. Hasira yangu, ambayo nilikuwa nimeitayarisha kwa miaka mingi, niliitafuta nikaikuta iko pale pale.

"Basi na unisikilize," nikamwambia. "Yule mama ndiye aliyekuwa na haki ya kusamehe, na alisamehe kabla hajafa. Msamaha wake alinipa mimi, mkononi, wewe umesimama unatazama viatu. Ulikuwa wako. Nimekaa nao miaka yote hii, mimi haunifai, na wewe siwezi kukupa."

Akalia. Sikumnyamazisha.